Picha ilikuwa safi, mdogo wangu hakuamka

Mei 2021, zikiwa zimebaki siku chache Idi, simu ya mdogo wangu ilinipigia kabla ya magharibi. Nilikuwa Ngamiani, Tanga, nakaanga sambusa. Nikajua anauliza kama ale kwetu, nikapokea huku nageuza sufuria. Sauti haikuwa yake. "Dada, samahani, mwenye simu hii kapata ajali huku njia ya Pongwe. Yuko hai ila haongei."

Alikuwa dereva wa bodaboda. Alinunua tende za kufuturu, akazifunga kwenye mfuko mweusi, kisha abiria akamwomba ampeleke Pongwe mara moja. Wakati wa kurudi gari ndogo ilikata kona mbele yake bila taa. Kofia ngumu alikuwa ameivaa na mkanda ameufunga, jambo ambalo madereva wenzake walikuwa wakimcheka nalo. Fuvu halikupasuka hata ufa. Mguu haukuvunjika. Ukimtazama ungesema kalala.

Wasamaria walimpakia kwenye bajaji, wakamkalisha katikati ya watu wawili, kidevu kikiwa kimeangukia kifuani. Siwalaumu, wao walikuwepo na mimi sikuwepo. Lakini daktari alikuja kunieleza kwamba kidevu kikilala kifuani njia ya hewa inabanwa, na ubongo uliojeruhiwa ukikosa hewa hata kwa dakika chache unapata jeraha la pili juu ya lile la kwanza. Ukikuta mtu amezimia barabarani, mlaze. Mmoja ashike kichwa na shingo visicheze. Akitapika, mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja kama gogo, alale ubavu. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ambayo atalala ndani yake ni bora mara mia kuliko bajaji ambayo atakalishwa.

Usiku ule tulihangaika na PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, halafu CT skani, picha ya ndani ya kichwa, iliyobidi tukaipige kwingine kwa 250,000 taslimu. Majibu yakatoka saa sita usiku: hakuna damu iliyoganda, hakuna ufa, ubongo umevimba kidogo tu. Daktari wa zamu, kijana aliyechoka, akasema, "Hakuna cha kupasua hapa."

Kosa langu la kwanza liko katika sentensi hiyo. Yeye alisema hakuna cha kupasua. Mimi nikasikia hakuna tatizo. Nikaandika kwenye grupu la familia: "Alhamdulillah, kichwa kizima, kesho ataamka." Watu wakatuma mikono ya dua na maua. Mama akanywa chai akalala. Mimi mwenyewe nilirudi nyumbani kubadilisha nguo, nikamwambia jirani kwamba mambo yamekwisha.

Hakuamka kesho. Hakuamka Idi. Alifumbua macho siku ya 19.

Siku ya nne tulimhamishia Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 300 kwa gari la wagonjwa, mafuta na muuguzi juu yetu. Kule wakampiga MRI, picha inayoonyesha ubongo kwa undani zaidi. Daktari wa ubongo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinikalisha pembeni ya korido na kuniwekea picha kwenye mwanga. "Unaona vidoti hivi vyeusi?" Vilikuwa vidogo kama mbegu za ufuta. Vingine vilikuwa pale sehemu ya kijivu ya ubongo inapokutana na ile nyeupe, vingine kwenye daraja linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto. "Kila kidoti ni kamshipa kadogo ka damu kalikokatika. Lakini sio hivyo vinavyomlaza. Ni dalili tu kwamba nyuzi za neva zilizopita jirani, zinazopitisha habari ndani ya ubongo, zimevutwa. Nyuzi zenyewe ni nyembamba mno, hata mashine hii haizioni moja moja."

Nikamwuliza zimevutwaje, wakati kichwa hakikupasuka.

Akaniuliza kama najua kukanda chapati. Nikakaribia kumkasirikia. Akasema chukua donge la unga ulilolikanda vizuri, livute polepole, litarefuka litakufuata. Donge lile lile ulivute kwa ghafla, linakatika. Ubongo ni laini, umekaa ndani ya fuvu ukielea kwenye maji. Kichwa kikizungushwa kwa kasi, fuvu linageuka na kusimama, ubongo unabaki nyuma kidogo halafu unafuata. Sehemu zake hazina uzito sawa wala ugumu sawa, kwa hiyo hazisogei pamoja. Penye maungio ndipo nyuzi zinapovutika. Huo mzunguko ndio unaoharibu, kuliko hata kugonga kwenyewe. Kofia ilimwokoa na fuvu kupasuka, na huenda ilimwokoa na kifo, lakini hakuna kofia inayoweza kuuzuia kabisa ubongo usizunguke ndani.

Nilidhani basi, zimekatika, yamekwisha. Akasema hapana, nyingi hazikatiki palepale, na sehemu hii ndiyo ningependa kila mwenye mgonjwa aielewe. Baba yetu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, na alikuwa akitusimulia vile vireli vyembamba vilivyokuwa vikibeba mkonge toka shambani hadi kiwandani. Nilimwelewa daktari kwa vireli hivyo. Ndani ya kila uzi wa neva kuna njia ndogo ndogo kama reli, ambazo seli hupitishia chakula na vifaa vyake kutoka kwenye mwili wa seli mpaka mwisho wa uzi. Uzi ukivutwa kwa ghafla, kwa nje unaweza kubaki mzima, ila reli za ndani zinavunjika. Mizigo inaendelea kuja haina pa kupita, inarundikana pale palipovunjika, uzi unavimba kama tumbo la nyoka aliyemeza panya. Wakati huo huo madini ya kalsiamu yanaingia ndani kupita kiasi na kuamsha vimeng'enya vinavyoanza kuutafuna uzi wenyewe. Hayo yote huchukua saa kadhaa, hata siku. Mwishoni ndipo uzi unakatika, na kipande cha mbele kinakufa.

Yaani usiku ule nilipokuwa naandika "kichwa kizima", nyuzi zilikuwa bado zinakatika.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1956 daktari mmoja wa Uingereza, Sabina Strich, alichunguza ubongo wa wagonjwa waliokufa baada ya kuishi miezi mingi bila akili kurejea. Mafuvu yao hayakuwa yamevunjika, ila sehemu nyeupe ya ubongo ilikuwa imeharibika huku na huko. Alisema nyuzi zilijeruhiwa pale pale ajali ilipotokea. Picha safi haikuanza kudanganya watu na mimi.

Je, kuna dawa ya kuunga nyuzi? Hakuna, na yeyote anayekuuzia anakuibia. Tulishauriwa na mtu wa ukoo, aliyewahi kufanya kazi duka la dawa, tumwombe daktari achome sindano za steroidi "kupunguza uvimbe". Nilibishana na daktari kwa kujiamini kabisa. Akaniambia kwa upole kwamba utafiti mkubwa uliotoka 2004, wa wagonjwa zaidi ya 10,000 wenye majeraha ya kichwa, ulionyesha waliopewa steroidi walikufa wengi zaidi ya wasiopewa. Nikanyamaza. Kinachofanyika ni kulinda nyuzi ambazo bado hazijakatika: hewa ya kutosha, presha isishuke, homa ishushwe, chumvi ya mwilini isivurugike, kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. Ni kazi isiyo na sinema. Ndugu wa mgonjwa anaona kama hakuna kinachofanyika.

Kila asubuhi walimpima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, cha chini kabisa 3 na cha juu 15: macho yanafumbuka kwa kitu gani, anaongea nini, anasogeza mwili vipi. Alifika na 7. Mimi nikaanza kuishi na ile namba kama mtu anayefuatilia matokeo ya mpira. Ikipanda 8 nalia kwa furaha, ikirudi 7 sili. Usifanye hivyo. Namba ya siku moja haisemi yote, tazama wiki.

Wiki ya pili lilianza jambo lililotuvuruga familia. Bila sababu alikuwa anatoka jasho mpaka shuka linalowa, moyo unakwenda mbio, mikono inakakamaa na kujikunja, halafu baada ya nusu saa anatulia. Mjomba akasema wazi, huyu kachezewa, daktari hawezi kitu. Tulikuwa karibu kumtoa. Nashukuru nilimwita sista usiku, akaniambia ni sehemu ya ubongo inayotuliza mapigo na joto ndiyo imekatiwa mawasiliano, mwili unakimbia bila breki, na kuna dawa za kuutuliza. Kisomo tulifanya, mbona, mama alikaa kitini na msahafu kila alasiri. Lakini kitandani hakutoka. Kama kwenu kuna mzee anayetaka mgonjwa atolewe, mpe kazi ya dua iliyo rasmi kabisa na siku zake, ajione ana nafasi. Kwa mjomba ilisaidia.

Halafu akaamka. Hapa tamthilia zimetuharibu. Hakuna mtu aliyefumbua macho akasema "niko wapi". Macho yalifumbuka yakawa yanatazama dari, yanapita juu ya uso wangu kana kwamba mimi ni mpita njia tu barabarani. Siku tatu. Ya nne yakanifuata nilipohama upande. Ya kumi akatamka "maji". Kisha yakaja matusi. Kijana aliyekuwa hamjibu mama hata kwa sauti ya juu, alimtukana mbele ya wodi nzima matusi ya nguoni, akachomoa mpira wa kulia chakula, akataka kushuka kitandani akacheze mpira. Mama alitoka nje akajifunika kanga usoni.

Daktari akasema hii ni hatua ya kupona. Anasikia, anaona, lakini ubongo haujaanza kuhifadhi. Ukitoka nje dakika mbili ukirudi ni mgeni. Na sisi tulikuwa tunamfanyia nini? Tulimpigia mtihani. Kila aliyeingia: "Unanijua mimi? Mimi nani? Leo siku gani?" Wageni kumi na wawili wamezunguka kitanda, wanashindana kutambuliwa. Jioni anapiga kelele tunashangaa. Tulipobadilisha tukaona tofauti ndani ya siku mbili: watu wawili tu, robo saa tu, redio imezimwa, na badala ya kumwuliza tunamwambia. "Mimi dada yako. Uko hospitali. Ulipata ajali ya pikipiki. Leo Jumanne." Nimesema maneno hayo labda mara elfu.

Kosa jingine, la aibu zaidi. Tuliporudi nyumbani Tanga, baada ya wiki saba, hakulala usiku. Nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya usingizi bila cheti. Alilala kweli. Pia akaacha kutembea, akaanza kujikojolea tena, maneno yakapungua. Nilidhani ugonjwa umerudi. Kliniki waliniuliza anatumia nini, nikaficha, wakauliza tena, nikasema. Dawa zile za kupumbaza ubongo zinaurudisha nyuma ubongo unaojaribu kujifunza upya. Tulipoziacha taratibu kwa maelekezo yao, akarudi alipokuwa. Niliupoteza mwezi wake mzima kwa shilingi elfu sita.

Fedha, niseme bila kupamba. Hadi anatoka hospitali tulikuwa tumetumia milioni tisa na laki kadhaa. Bima hakuwa nayo. Tuliuza kiwanja cha mama, michango ikatoa karibu milioni mbili, deni nimelimaliza mwaka jana. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, na mwenye nayo alikuja wodini kuuliza hesabu ya wiki. Madai ya bima ya lile gari tuliyachelewesha kwa sababu karatasi zilikuwa zimetawanyika, nyingine zililowa mvua kwenye mkoba wangu. Siku ya kwanza kabisa mteue mtu mmoja asiye na kazi ya kulia, awe na faili: PF3, namba ya gari, namba ya kesi, kila risiti, kila cheti cha kutoka hospitali, na picha za vyote kwenye simu.

Vitu vilivyotusaidia nyumbani havikuwa vya gharama. Kumgeuza kila baada ya saa mbili alipokuwa hawezi, mchana na usiku, kwa zamu iliyoandikwa ukutani, hakupata kidonda hata kimoja. Kamba iliyofungwa toka kitandani hadi chooni. Ubao mdogo wenye siku na tarehe. Kijana wa mazoezi alikuja mara mbili kwa wiki, siku nyingine tulifanya wenyewe alivyotuelekeza.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Mwezi wa sita tangu ajali alikuwa anatembea, anaswali, anacheka. Watu wakasema kapona. Mimi nina kibanda cha vyakula, nikamwachia asubuhi moja niende benki. Niliporudi nilikuta wateja watano wamesongamana. Mama mmoja alikuwa amenunua vitu vya 2,300, kampa noti ya elfu kumi. Mdogo wangu ameishika ile noti kwa vidole viwili, anaitazama. Mtoto anadai biskuti, mwingine anauliza bei ya mafuta, bodaboda inapiga honi nje, redio ya jirani inalia. Na yeye kasimama tu na noti. Nikapita katikati ya watu nikampokonya. Nikasema kwa sauti, "Wewe hata chenji imekushinda, umekuwa mtoto?" Akaenda kukaa nyuma ya friji. Alikaa huko mpaka nafunga.

Jioni, kwa hasira bado, nikampa kalamu na karatasi. Elfu kumi toa elfu mbili mia tatu. Akaandika 7,700 bila kusita. Akasema, "Dada, hesabu najua. Watu wakiwa wengi haiji."

Nilikuwa nimesikiliza habari za reli na chapati miezi mingi na sikuwa nimeelewa. Maarifa yako mahali pake. Njia za kuyafikia ndizo zilizoharibika. Uzi uliokufa ndani ya ubongo hauoti tena kama nywele, ubongo unachofanya ni kupitisha habari kwa nyuzi zilizobaki, za pembeni, ni kama kutoka Tanga kwenda Moshi kwa kupitia Dar. Utafika, lakini utachelewa, na utafika umechoka. Wakija watano kwa mpigo, njia inaziba. Niliyemwita mvivu kwa kulala mchana alikuwa amechoka kweli, uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauumalizi. Niliyemwona hana adabu alikuwa amepoteza ile nukta ya kujizuia kabla neno halijatoka.

Kuanzia hapo tulipanga maisha kwa kasi yake. Jambo moja kwa wakati, redio imezimwa akiwa kazini. Daftari mfukoni na kengele kwenye simu kwa dawa na swala. Kulala saa nane mchana, hata mgeni akiwepo. Pikipiki marufuku, mpira wa miguu marufuku, kwa sababu pigo la pili juu ya ubongo huu linaweza kuwa hatari kuliko la kwanza. Dawa ya kuzuia kifafa, ambacho kinaweza kufuata jeraha la kichwa, anameza mpaka kliniki iseme basi, sio mpaka yeye ajisikie vizuri. Na vijiweni nilikwenda mwenyewe kuwaambia rafiki zake wasimpe pombe hata ya utani.

Walituambia nafuu kubwa huja miezi sita ya mwanzo, na kwamba baada ya hapo huendelea polepole kwa miaka. Ni kweli. Mwaka wa pili alianza kunitania tena. Mwaka wa tatu akaweza kubeba hesabu ya wateja wawili. Hasira bado anazo, zinamjia kama mvua ya kiangazi, akishatulia anaomba radhi halafu anasahau ameomba, anaomba tena.

Siku yenyewe ya ajali haikurudi, na daktari alisema haitarudi, haikuwahi kuandikwa. Anakumbuka asubuhi yake. Anakumbuka kuchagua tende, akionja moja kisha akikumbuka amefunga na kuitema. Baada ya hapo ni dari ya hospitali. Ramadhani hii iliyopita tukiwa tunasubiri adhana aliniuliza kama zile tende zilifika nyumbani. Nikamwambia zilibaki kwenye bajaji, hatukuziona tena.

"Zilikuwa nzuri," akasema, akafungua daftari lake akaandika: tende, kilo moja.